Shida haibuni kitu, mchezo ndio unaobuni. Wanatanga tubishane

#1 Mwanamakorora
Wakuu, habari za jioni. Nina hoja imenikaa kichwani wiki nzima, naomba tuijadili bila matusi.

Tumelelewa tukiambiwa kwamba mtu akibanwa na shida ndipo akili inapofunguka. Mimi nakataa. Mwenye shida hana nafasi ya kukosea, kwa hiyo anashika njia ile ile waliyopita wenzake. Anayebuni ni yule anayekichezea kitu huku hakuna anayemdai jibu.

Hapa Makorora kuna mtoto wa jirani nimemkuta barazani na kizibo cha soda. Kakiponda kwa jiwe mpaka kikalala bapa, kakitoboa matundu mawili kwa msumari, kapitisha uzi wa kushonea magunia na kufunga ncha. Anashika huku na huku kwa vidole, anakizungusha mpaka uzi ujisokote, anavuta, analegeza, anavuta tena. Kizibo kinavuma kama nyuki. Tundu moja likikaa mbali na katikati, kizibo kinayumba na uzi unamkwaruza vidole. Basi anakitupa, anaponda kingine, na safari hii matundu kayasogeza mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha.

Sasa sikilizeni. Januari 2017 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza mashine ya karatasi ya kutenganisha damu, na ukiitazama ni mchezo huu huu: visahani vya karatasi, uzi, na vishikio viwili. Inafika mizunguko 125,000 kwa dakika. Chembe nzito za damu zinasukumwa upande mmoja, majimaji yanabaki upande wa pili, na kazi hiyo haichukui hata dakika mbili. Vifaa vyake ni kama senti 20 za Marekani, na haihitaji umeme.

Nani kabuni hapo, daktari au mtoto wa kizibo?

#2 Dada Barafu
Mwenzangu, uliyoyasema ni mazuri lakini yanamfaa mtu aliyeshiba. Mimi nauza barafu na lambalamba Ngamiani. Kila nilichobuni nilikibuni kwa sababu mtaji ulikuwa unakata. Ubuyu ulipopanda bei nikachanganya na ukwaju, nikatia iliki kidogo kuficha ule ukali. Watoto wakaipenda, sasa wanaiulizia. Sikucheza hata chembe, nilikuwa nawaza ada.

#3 Fundi Redio
#1 umeikata hadithi kiunoni. Prakash hakuanza na kizibo. Alifika Uganda akakuta kituo cha afya wana mashine halisi ya kuzungushia damu, lakini wameiweka mlangoni izuie mlango usijifunge, maana umeme hakuna. Hapo ndipo aliporudi na swali, wakaanza kupekua vitu vya kuchezea, yoyo na vinginevyo, mpaka wakakifikia hicho cha uzi. Kwa hiyo shida ilitangulia.

#4 Mwanamakorora
Fundi, nakubali shida ilileta swali. Ila jibu lilikuwa wapi? Lilikuwa mkononi mwa watoto kabla hata swali halijaulizwa. Kama watoto wa dunia wasingekuwa wanazungusha vitu ovyo ovyo, Prakash angepekua nini?

#5 Mgosi wa Soni
Mnakwenda Stanford na Uganda wakati jambo lenyewe limetokea kwetu milimani! Erasto Mpemba, Sekondari ya Magamba, Lushoto, mkoa huu huu wa Tanga. Kijana wa shule alikuwa anachezea aiskrimu akagundua maji moto yanaganda haraka kuliko ya baridi. Leo dunia nzima wanaliita jambo hilo kwa jina lake. Mchezo huo jamani, ushahidi mnataka upi tena?

#6 Ticha Fizikia
Mgosi wa Soni, nakuunga mkono kwa fahari lakini tuweke habari sawa, maana hii nimeifundisha miaka mingi.

Ilikuwa 1963, Mpemba yuko kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa wanajitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unapeleka kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombaniwa. Mwenzake mmoja akaona asipoteze muda, akaweka maziwa yake bila kuchemsha. Mpemba akaona nafasi inakwisha, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu akakuta ya kwake yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Hapo pana haraka na tamaa ya aiskrimu. Mchezo mimi siuoni.

Ninapouona ni baadaye. Alimuuliza mwalimu wake akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likapata neno la kumtania kila akikosea. Kijana hakuacha. Akapata upenyo wa maabara, akachukua bika mbili, moja maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza aone. Hapo hakuna aliyemtuma, hakuna alama, wala aiskrimu ya kula. Hapo ndipo naweza kusema alikuwa anacheza.

#7 Dada Barafu
Ticha asante kwa kunyoosha. Na mjue kwamba katika maelezo yake mwenyewe Mpemba anasema likizo alikutana na rafiki yake anayetengeneza na kuuza aiskrimu hapa Tanga mjini, na huyo rafiki akamwambia wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Kwa hiyo wauzaji wa Tanga walikuwa wanalijua kabla ya wasomi, na walilijua kwa biashara. Mimi mwenyewe nikiweka pakiti za moto juu ya sakafu ya friza iliyoota theluji, ile theluji inayeyuka, pakiti inakaa chini kabisa, inagusana na chuma. Ya baridi inakaa juu ya theluji kama imetandikiwa godoro. Sisemi ndiyo sababu yote, nasema ninachokiona.

#8 Ticha Fizikia
Dada Barafu, hiyo uliyoitaja imo kabisa kwenye orodha ya maelezo yanayobishaniwa! Wengine wanasema maji ya moto hupungua kwa mvuke. Wengine wanataja mzunguko wa maji ndani ya chombo. Wengine hewa iliyoyeyuka majini, ambayo ukichemsha inatoka. Na wapo wanaokataa kabisa: mwaka 2016 Burridge na Linden walipima kwa uangalifu, wakaandika kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba jambo hilo lipo. Bado wanabishana.

#9 Mshangao
Mnamsahau mtu mmoja. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam alikwenda Mkwawa kutoa mhadhara, Mpemba akasimama kuuliza swali lake na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar akamwambia fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli ya moto yameganda kwanza, ila akaahidi ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha pamoja.

Kwangu mimi kitendawili kiko hapo. Watoto wote wanacheza, watu wote wana shida. Anayekosekana ni mkubwa wa kusema "ngoja tujaribu".

#10 Nahodha Mstaafu
Salaam kwenu vijana. Nimesoma kimya, sasa niseme la bahari.

Sahare tulipokuwa wadogo tulichonga vingalawa kwa malapa yanayoletwa na maji. Lapa moja ndilo chombo, vijiti viwili vya kukingama, vipande vya lapa pembeni visipinduke, tanga la kitambaa kuukuu. Maji yakianza kujaa tunavishindanisha. Mlingoti ukiuweka mbele mno, kichombo kinaukimbia upepo, kinaishia kwenye mikoko. Ukiurudisha nyuma kinageuza kichwa kuutazama upepo na kusimama. Kati ya hapo na hapo pana mahali padogo sana, upana wa kidole, ambapo kinakwenda chenyewe bila msukani. Kila mtoto alipatafuta mahali pake, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake!

Lakini nimekuwa baharini maisha yangu yote na sijaona fundi akiuchukua ujanja wa mtoto akautia kwenye ngalawa ya kweli. Sababu ni hii: ile ni mali ya mtu. Gogo la mwembe limenunuliwa, mwenye chombo anataka kuvua kusi ikitulia, nani akubali ujaribu mlingoti wako? Lapa likizama unaokota jingine. Gogo likiharibika umeingia deni.

#11 Mwanamakorora
Nahodha, shikamoo. Umeisema hoja yangu vizuri kuliko mimi. Penye deni hapajaribiwi kitu. Mchezo ni mahali ambapo kukosea hakuna bei.

#12 Nahodha Mstaafu
Marahaba. Ila usinichukue mzima mzima. Nimesema pia kwamba ujanja wa mtoto ulibaki kwenye lapa. Mchezo ulizaa, lakini hapakuwa na wa kulea.

#13 Binti Pangani
Samahani, nyote mmetaja wavulana. Sisi tulikuwa na kupikapika. Udongo ndio unga, majani ndiyo mboga, kopo la maziwa ndilo sufuria. Tulipasua makopo tukapanga mawe mafiga matatu, tukagundua kwamba ukilikinga kopo upande wa upepo kwa matope, kijiti kimoja kinachemsha maji ambayo wazi yangekula vijiti vitano. Miaka mingi baadaye mradi fulani ukaja kutufundisha majiko banifu ya udongo. Mama zetu walishangaa, mimi nilicheka moyoni. Nilikuwa nimelijenga nikiwa na miaka minane, ila mama aliniambia nisichafue ua.

#14 Fundi Redio
Binti Pangani, hilo limenigusa. Na linanirudisha kwangu.

Mimi nasema si mchezo wala shida, ni mkono kuzoea vitu. Mtu aliyefungua redio nyingi haogopi kufungua ya mwisho. Tazameni William Kamkwamba wa Malawi. Njaa ya 2002 ilimtoa shule, akajenga kinu cha upepo kwa baiskeli iliyovunjika na miti ya mikaratusi, akawasha taa nyumbani kwao. Watu husema ni njaa. Njaa ile iliwapiga maelfu ya vijana. Kamkwamba tangu mdogo alikuwa anatengeneza redio za majirani. Mkono wake ulikuwa tayari umeshajua.

#15 Mshangao
Na alianza kuzifungua redio kwa sababu gani? Si alitaka kujua ndani kuna nini? Huo ni mchezo, Fundi, unaukimbia tu kwa jina.

#16 Fundi Redio
Alitaka pesa ya majirani pia. Usinitoe kwenye mstari.

#17 Mtu wa Kigoma
Mimi ni mgeni Tanga, mke wangu ndiye wa Muheza. Kwetu Gombe jambo hili wanalo hata sokwe. Jane Goodall alipofika 1960 aliwaona sokwe wakicheza na majani kwenye kichuguu mpaka wakagundua kuvua mchwa.

#18 Ticha Fizikia
Karibu sana Tanga. Ila aliyemwona ni dume mzima aliyempa jina David Greybeard, na hakuwa akicheza, alikuwa anakula. Alitumbukiza jani la nyasi, mchwa wakaling'ata, akalivuta na kuwala. Wanaocheza ni watoto wa sokwe: wanakaa kando ya mama wakichokonoa kwa vijiti visivyofaa, muda mrefu kabla hawajaweza kuvua hata mmoja. Mchezo hapo unaonekana zaidi katika kujifunza kuliko katika kuvumbua.

#19 Mtu wa Kigoma
Sawa mwalimu, basi nikupe Mike. Alikuwa dume wa ngazi ya chini pale pale Gombe. Akaokota madebe matupu ya mafuta ya taa kambini kwa Goodall, akawa anakimbia huku anayagonganisha mbele yake. Makelele yale yakawatia wenzake hofu, naye akapanda mpaka akawa mkubwa wa wote. Bila kupigana. Hiyo utaiita nini?

#20 Dada Barafu
Hiyo ni siasa 😂

#21 Mgosi wa Soni
Kuna na nyani wa kisiwa cha Koshima, Japani. 1953 jike mdogo waliyemwita Imo alianza kuosha viazi vitamu majini kuondoa mchanga. Wadogo wenzake wakaiga, mama yake akaiga. Waliochelewa kabisa ni madume wazee. Nahodha, hilo nimelileta kwa heshima zote.

#22 Nahodha Mstaafu
Nimelipokea. Viazi vyangu huoshwa na bibi yako.

#23 Msomi Mtulivu
Naona tunakwenda kwa hadithi tu, acha nilete tafiti. Mwaka 1973 Dansky na Silverman waliwapa watoto wadogo vitu vya kawaida. Kundi moja likaachwa lichezee, jingine likaambiwa liige mtu mzima. Kisha wote wakaulizwa kitu hiki kinaweza kufanya kazi gani. Waliocheza walitaja kazi nyingi zaidi. Ikawa habari kubwa.

Mwaka 1987 Smith na Whitney wakarudia, ila safari hii anayeuliza maswali hakujua mtoto yupi alicheza na yupi hakucheza. Ile tofauti ikatoweka. Na 2013 Angeline Lillard na wenzake wakapitia tafiti nyingi za mchezo wa kuigiza, wakaona ushahidi kwamba unaongeza ubunifu ni dhaifu.

Mwanamakorora, nasikitika kukuharibia.

#24 Mwanamakorora
Hujaniharibia hata kidogo. Mtoto wa jirani yangu hakupewa kizibo na mtafiti, na hakuambiwa acheze kwa dakika kadhaa kisha ajibu maswali. Alikitafuta mwenyewe akakihangaikia siku nzima. Ukimpangia mtu muda wa kucheza, umempa kazi. Mimi nazungumzia mtu aliyejitwika.

#25 Msomi Mtulivu
Hiyo ni hoja nzuri, lakini ukiifuata hadi mwisho, mchezo wako haupimiki kabisa. Kila kilichofanikiwa utasema alikuwa anacheza, kila kilichoshindikana utasema alipangiwa.

#26 Kete 64
Nimechelewa, nilikuwa barazani kwenye bao. Mmesahau michezo ya wakubwa! 1654 Pascal na Fermat wa Ufaransa waliandikiana barua kuhusu wacheza kamari: mchezo ukikatizwa katikati, fedha zilizowekwa zigawanywe vipi kwa haki? Kutokana na barua zile ikaota hesabu ya bahati, ambayo leo ndiyo inayopanga bima ya daladala zenu. Hapakuwa na shida ya kitaifa hapo, ni watu na kete zao.

Na bao letu lina kete 64 na mashimo 32. Mchezaji mzuri anaona mtaji wake unazunguka mara ngapi kabla hajaushika mkononi. Akili hiyo mnadhani inabaki pale kwenye ubao?

#27 Fundi Redio
Kete 64, kwa heshima, wazee wa bao nawajua tangu utoto na sijaona aliyemvumbulia mtu jembe. Ukicheza bao unakuwa hodari wa bao.

#28 Kete 64
Fundi njoo jioni, nitakula nyumba yako ubaoni mpaka ukumbuke maneno hayo.

#29 Msomi Mtulivu
Kuna mfano unaomsaidia Mwanamakorora kidogo, nimlipe fidia. Andre Geim, Manchester, Uingereza, alikuwa na desturi ya majaribio ya Ijumaa usiku, mambo yasiyo katika kazi yake rasmi. Alipokuwa bado Uholanzi aliwahi kumfanya chura aelee hewani kwa sumaku kali, akapewa tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel mwaka 2000. Kisha yeye na Konstantin Novoselov wakachukua grafiti, kitu kile kile cha ndani ya penseli, wakaibandua kwa selotepu tabaka baada ya tabaka mpaka wakapata la unene wa atomu moja. Hiyo ni 2004. Mwaka 2010 wakapata Nobeli ya fizikia.

#30 Fundi Redio
Ana mshahara wake, ana maabara yake, Ijumaa usiku anachezea selotepu. Hapo turudi kwa Dada Barafu, #2: aliyeshiba.

#31 Mama Wawili
Naomba kuuliza kidogo, mimi ni mzazi. Kijana wangu yuko darasa la sita, shule sitaitaja. Alitengeneza gari la waya, usukani unakata kona kabisa, matairi ya malapa, taa ya betri. Akalipeleka shuleni kwa furaha, likachukuliwa na kutupwa, akaambiwa mwakani ni mtihani. Karudi nyumbani hajaligusa tena waya. Nyie mnabishana kama mchezo unazaa uvumbuzi. Mimi nataka kujua nimrudisheje kwenye waya.

#32 Fundi Redio
Mama, mlete kwangu Jumamosi, nipo karibu na barabara ya kumi na mbili, Ngamiani. Nina sanduku la mota ndogo za redio kaseti zilizokufa. Simfundishi chochote, nitampa koleo na kumwacha.

#33 Ticha Fizikia
Mama Wawili pole. Muulize ule usukani aliufungaje, akuchoree. Mtoto akiulizwa na mkubwa anayetaka kujua kweli, hurudi mwenyewe. Na #9 alishasema habari ya Osborne.

#34 Mshangao
Nirudi kidogo kwenye mada. Watu wa Meksiko ya kale, pande za Veracruz, walifinyanga wanyama wa udongo wenye magurudumu manne. Gurudumu walikuwa nalo! Lakini mkokoteni hawakuutengeneza. Na Hero wa Alexandria, karibu miaka 2,000 iliyopita, alieleza tufe linalozungushwa na mvuke, likabaki kuwa kitu cha kustaajabisha watu. Mchezo ulibuni, kisha ukakaa tu karne na karne.

#35 Binti Pangani
Meksiko hawakuwa na ng'ombe wala punda wa kuvuta. Mkokoteni ungevutwa na nani? Gurudumu lilisubiri punda, na jiko langu lilisubiri mradi.

#36 Mgosi wa Soni
Na ndugu Wright, wale waliounda ndege? 1878 baba yao aliwaletea kidude cha mianzi, kizibo cha gome na karatasi, kinaruka kwa mpira uliosokotwa. Wenyewe walisema ndicho kilichowasha hamu yao. 17 Desemba 1903 wakaruka.

#37 Fundi Redio
Kati ya 1878 na 1903 kuna miaka 25, mgosi. Ndani yake kuna karakana ya baiskeli, na 1901 walijenga sanduku la kupulizia upepo wakapima mabawa madogo karibu mia mbili, moja baada ya jingine. Hiyo miaka usiiruke.

#38 Mwanamakorora
Wakipima mabawa mia mbili bila kulipwa na yeyote? Fundi, unanisaidia bila kujua.

#39 Mtu wa Kigoma
Swali dogo. Huyo Mpemba baadaye alikuwa profesa wa fizikia?

#40 Ticha Fizikia
Hapana. Alisomea uhifadhi wa wanyamapori chuo cha Mweka, Kilimanjaro, akafanya kazi huko kwenye wanyamapori.

Na kwa kuwa mmebishana sana, napendekeza tujaribu wenyewe. Vyombo viwili vya aina moja, maji ya bomba kipimo kimoja, kimoja nyuzi 35, kingine kikiwa kimechemka, friza moja, rafu moja. Theluji ya friza iondolewe kwanza, halafu turudie theluji ikiwepo, tuone kama neno la Dada Barafu lina uzito.

#41 Dada Barafu
Friza yangu ipo, ila si Ijumaa wala Jumamosi, siku hizo ina mzigo. Jumapili baada ya adhuhuri. Umeme wa LUKU mtachangia, na anayefungua mlango kila dakika kuchungulia nitamtoa nje. Mama Wawili, mlete na yule kijana, atatushikia saa.